Kumchagua Tarantula wa Kwanza Anayechimba Shimo: Mwongozo kwa Mfugaji Mzoefu wa Nge

Mfugaji aliyeishi na nge kwa miaka kadhaa haji kwa tarantula mikono mitupu. Amekwisha kujifunza kumtunza mnyama anayeweza kukaa miezi bila kula na bado akawa na afya njema, amezoea kushindilia udongo hadi ushike shimo, na hashangai anapopita mbele ya kizimba wiki nzima bila kuona hata ncha ya mguu. Hayo yote yatamfaa. Yasiyomfaa, na ndiyo yanayowaponza wafugaji wa nge wanapohamia kwa buibui hawa, ni mazoea ya mikono: namna ya kufungua kifuniko, namna ya kumshika mnyama, na mahali pa kuelekeza macho wakati wa hatari. Kwa sababu hiyo ushauri wangu unasimama juu ya swali moja ambalo nataka uliulize kuhusu kila spishi unayoitamani, kabla ya kuuliza rangi yake au ukubwa wake: nyumba yake ikitikiswa, mnyama huyu hukimbilia chini au huja juu?

Yale ambayo nge hakukufundisha

Nge wengi wanaofugwa hawawezi kupanda kioo safi, kwa hiyo mfugaji wao huzoea kuacha kifuniko wazi huku akitafuta koleo au akijaza maji. Tarantula ana vinyweleo vidogo mno chini ya nyayo vinavyonata kwenye kioo, na hata yule anayeishi ardhini anaweza kufika ukingoni mwa kizimba kabla mkono wako haujarudi. Kasi yake pia ni ya namna nyingine. Nge aliyekasirika huinua mkia, hufungua magando na mara nyingi hukupa nafasi ya kufikiri, ilhali tarantula aliyeshtuka hutoka kwa mkupuo mmoja, husimama ghafla, kisha hutoka tena upande usioutarajia.

Ninaowahofia zaidi ni wale wanaofuga nge wenye sumu kali, yaani Androctonus, Leiurus au Parabuthus, ingawa kwa kawaida ndio waangalifu kuliko wote, kwa sababu ni rahisi kwao kujiambia kwamba aliyekwisha kuishi na sumu inayoweza kuua hana la kuogopa kwa buibui. Kuhusu sumu wana haki kiasi fulani, lakini kuhusu mikono wanakosea. Kuumwa na baadhi ya tarantula wa Afrika na Asia huleta maumivu makali na misuli kukaza kwa siku kadhaa, na hata pasipo mtu kuumwa, mnyama anayeanguka kutoka mezani hadi sakafuni anaweza kupasuka tumbo na kufa, jambo ambalo nge mwenye gamba gumu mara nyingi hulistahimili.

Koleo nayo inabidi iwekwe kando. Wengi wetu humhamisha nge kwa kumbana mkia taratibu kwa koleo ndefu yenye ncha zilizofunikwa sifongo, na nge huyo haumii. Mwili wa tarantula hauna sehemu hata moja inayoweza kubanwa hivyo, kwani tumbo lake ni mfuko laini na mguu ukibanwa unaweza kung'oka. Vifaa vyake ni kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kadi ngumu ya kuteleza chini ya kopo, na brashi laini ya rangi yenye mpini mrefu ya kumgusa miguu ya nyuma ili asogee mbele. Koleo ibaki kwa ajili ya kuondoa mabaki ya chakula tu.

Kanuni ya gando na mkia, inayosema kwamba nge mwenye magando manene na mkia mwembamba kwa kawaida ana sumu hafifu kuliko mwenye magando membamba na mkia mnene, haina mwenzake upande huu. Huwezi kumtazama tarantula usiyemjua ukakisia ukali wake kwa umbo. Kinachosaidia ni asili yake: wengi wa bara la Amerika wana manyoya yanayowasha ambayo huyapeperusha kutoka tumboni kwa miguu ya nyuma, na wa Afrika, Asia na Australia hawana manyoya hayo, hivyo hutegemea meno yao na huyatumia upesi zaidi. Manyoya hayo yakiingia jichoni huleta madhara makubwa na ya muda mrefu, na yamo hata kwenye gamba kuukuu lililovuliwa, kwa hiyo usilishike gamba kisha ukajifuta uso. Aliyewahi kufuga Parabuthus transvaalicus, nge anayeweza kurusha sumu hewani, tayari anayo miwani ya kukinga macho na ataendelea kuivaa. Macho yako pia yabadili pa kutazama: hatari haitoki tena nyuma ikipita juu ya kichwa, bali iko mbele, kwenye meno yanayopiga kuelekea chini, na dalili yake ni miguu ya mbele inayoinuliwa juu.

Kosa lingine tunalolileta kutoka kwa nge wa jangwani ni bamba la joto chini ya kizimba. Mnyama anayechimba hukimbia joto kwa kwenda chini, kwa kuwa katika mazingira yake ardhi ya chini ndiyo yenye ubaridi. Ukiweka joto chini ya shimo umemgeuzia ulimwengu, na kila anapojaribu kujiokoa hukaribia zaidi kinachomuua. Chumba chenye nyuzi joto kati ya 22 na 28 kinawatosha karibu wote ninaowataja hapa. Kama chumba ni baridi mno, pasha moto chumba chenyewe.

Anzia kwa nge uliye naye

Njia ninayoiamini ni kuangalia mazingira ambayo tayari unayaweza kuyatunza bila kufikiri, kisha kutafuta tarantula anayeishi katika mazingira ya namna hiyo. Ukifanya hivyo, udongo, maji na hewa vitakuwa mambo ya kawaida kwako, na akili yako yote itabaki kwa lile jipya, yaani mnyama mwenyewe.

Mwenye nge wa jangwani Hadrurus arizonensis ana bahati, kwa sababu katika jangwa lilelile la Sonora, kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, anaishi Aphonopelma chalcodes, tarantula wa rangi ya majani makavu anayechimba shimo refu na kukaa humo miaka mingi. Huyu ndiye ninayempendekeza kwa mtu anayetaka kujifunza polepole. Ni mpole kwa kiwango cha tarantula, hatua zake ni za taratibu, na akitikiswa kwa kawaida hurudi shimoni. Ubaya wake ni kwamba hukua kidogo kidogo mno. Kitoto kinaweza kuchukua miaka mingi kabla hakijafanana na mzazi, na jike huishi zaidi ya miaka 20. Anayemchukua akubali urefu wa safari hiyo tangu mwanzo.

Mwenye Opistophthalmus, wale nge wa kusini mwa Afrika wanaolegeza udongo kwa taya zao, ameshajua kuchanganya udongo wa mfinyanzi na mchanga na kuushindilia hadi uwe mgumu. Kwake ningemtaja kwanza Ceratogyrus, hasa C. darlingi au C. marshalli, ambao wana pembe katikati ya gamba la mgongo, kitu ambacho hakuna tarantula wa jenasi nyingine anacho kwa umbo hilo. Hawana manyoya yanayowasha, ni wepesi, na huinua miguu wakibanwa pembeni. Hata hivyo wakiwa na shimo lao na utando wao, wengi huchagua kushuka. Hukua haraka, hula vizuri, na hufunika mlango wa shimo kwa utando mwingi kiasi kwamba mfugaji aliyezoea kizimba kitupu cha nge hupata cha kutazama. Harpactira pulchripes wa Afrika Kusini, mwenye mwili wa dhahabu na miguu ya buluu, hufuata karibu sana. Nikiulizwa nimchague mmoja kwa ajili ya mfugaji ambaye mikono yake imetulia kweli, nitamchagua Ceratogyrus mchanga aliyezaliwa kizimbani, kabla ya wote wengine.

Wenye nge wa misituni, Pandinus na Heterometrus, ndio wanaohitaji tahadhari, kwa sababu hapa njia yangu huwapeleka mahali pabaya ikifuatwa bila kufikiri. Mazingira yanayofanana na ya Heterometrus, yaani udongo mzito wenye unyevu na joto la kusini mashariki mwa Asia, ni mazingira ya Cyriopagopus na Chilobrachys, na hao ni miongoni mwa wachimbaji wakali na wepesi kuliko wote. Cyriopagopus lividus wa Myanmar, anayeng'aa buluu, amewavuta watu wengi waliozoea upole wa nge wao weusi, wakagundua siku ya kwanza ya kusafisha kizimba kwamba mnyama huyu hakimbii chini bali hupanda kukutana na kinachomsumbua. Kwa udongo uleule wenye unyevu, tafuta Aphonopelma seemanni wa Amerika ya Kati, mwenye mistari miupe miguuni. Ni mchimbaji wa kweli, anaweza kuwa mwepesi, lakini wepesi wake kwa kawaida humpeleka shimoni.

Wengine ningewaacha kwa sasa bila kuwadharau. Pterinochilus murinus huvumilia karibu kila kosa la matunzo, na hiyo ndiyo sababu watu humpendekeza, lakini jibu lake kwa swali letu la mwanzo ni baya: huja juu, na huja haraka. Pelinobius muticus, tarantula mkubwa wa Kenya na Tanzania mwenye rangi ya kutu na miguu minene ya nyuma iliyopinda, ni mnyama ninayemheshimu kupita wote, na sauti ya msuguano anayoitoa akikasirika itamkumbusha mfugaji wa Opistophthalmus nge wake mwenyewe. Lakini hukua polepole sana, na wengi wa watu wazima wanaouzwa wametolewa porini, wakiwa wamekwisha kuishi miaka mingi katika shimo moja ambalo hawatalipata tena. Kwake yeye, subiri hadi upate kitoto kilichozaliwa kizimbani. Idiothele mira, anayefunga shimo lake kwa mlango wa utando na udongo kama kifuniko, ni mdogo na wa kuvutia, ila ni mwepesi sana na huonekana kwa nadra hata kwa kipimo cha wachimbaji.

Jina, umri na jinsia

Uliza jina la kisayansi na uliza pia majina ya zamani, kwani haya hubadilika na wauzaji wengine hubaki nyuma. Cyriopagopus lividus bado huandikwa Haplopelma lividum mahali pengi, na Pelinobius muticus aliitwa Citharischius crawshayi. Majina ya mitaani yenye rangi na sifa usiyategemee hata kidogo.

Jinsia ina uzito hapa kuliko kwa nge. Nge akishapevuka hajivui gamba tena, awe dume au jike. Tarantula jike huendelea kujivua gamba maisha yake yote, lakini dume akifanya hivyo kwa mara ya mwisho na kupevuka, siku zake zinahesabika. Wengi hufa ndani ya miezi au mwaka mmoja hivi. Dume mpevu hutambulika kwa pedipalpi, yaani viungo vifupi kama miguu vilivyo karibu na mdomo, zilizovimba mwishoni kama vibuyu vidogo na, katika spishi nyingi, kulabu kwenye miguu ya mbele. Mnyama wa namna hiyo akiuzwa kwa bei ndogo ni kwa sababu anaelekea mwisho wake. Jike huthibitishwa kwa kukagua gamba alilovua, upande wa ndani wa tumbo, kati ya mapafu ya mbele, ambako huonekana mfuko wa kupokelea manii. Muulize muuzaji amethibitisha kwa njia gani, na usiridhike na kauli ya kwamba anafanana na jike.

Kuhusu umri, napendelea kijana wa sentimita 4 hadi 6 kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu. Kitoto kilichotoka kwenye mfuko wa mayai ni kidogo mno kuliko nge mchanga unayemjua, hukauka upesi, na kosa la siku mbili humuua. Mtu mzima, kwa upande mwingine, huja na kasi yake yote pamoja na desturi zake. Kijana anakupa nafasi ya kujifunza mwendo wake akiwa bado mdogo, na shimo atakalolichimba litakuwa lake tangu mwanzo.

Unapomkagua, angalia tumbo lisiwe dogo kuliko sehemu ya mbele ya mwili wala lisiwe na mikunjo, miguu isiwe imekunjamana chini ya mwili, na mdomoni pasiwe na ute mweupe, ambao huweza kuwa dalili ya minyoo. Upara nyuma ya tumbo kwa tarantula wa Amerika si ugonjwa. Amepeperusha manyoya tu, na yatarudi akijivua gamba.

Kizimba

Kina cha udongo kiwe angalau mara mbili ya urefu wa mnyama kutoka mguu hadi mguu. Kwa mtu mzima wa spishi hizi nisingeshuka chini ya sentimita 20. Nafasi ya hewa kati ya uso wa udongo na kifuniko iwe ndogo, isizidi sana urefu huohuo wa mnyama, ili akipanda na kuanguka asiumie. Wafugaji wa nge wana tabia ya kufanya kinyume, udongo kidogo na nafasi kubwa, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolirekebisha ninapoombwa kuangalia kizimba cha mtu.

Udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa, uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi na mchanga kidogo, unatosha. Hauhitaji kuwa mgumu kama wa Opistophthalmus kwa sababu tarantula huzishika kuta za shimo kwa utando wake. Shindilia tabaka kwa tabaka, kisha kwa mti wa mviringo toboa shimo la kuanzia kwa mshazari, likigusa kioo upande mmoja, na weka kipande cha gome kavu la mti juu ya mlango wake. Kioo cha upande huo kifunikwe kwa karatasi nyeusi inayoweza kuondolewa. Mara nyingi mnyama atalipanua shimo hilo badala ya kuanza lake, na wewe utakuwa na dirisha la kumtazamia. Taa ya mionzi ya urujuanimno uliyoitumia kuwatafuta nge usiku haitakusaidia, kwani tarantula hang'ai kama nge, hivyo dirisha hilo ni la thamani kuliko unavyodhani sasa.

Kwa spishi za ukavu, uso wa udongo ubaki mkavu na maji yamiminwe mara chache kando ya kona moja ili yashuke chini, hapo mnyama atachagua kina anachokitaka. Kwa spishi za unyevu, miminia zaidi, lakini usiruhusu maji yatuame wala hewa isimame. Bakuli dogo la maji safi liwepo kwa wote, hata wa jangwani. Na kila mmoja akae peke yake: kuwaweka pamoja kama wengine wanavyowaweka Pandinus au Heterometrus huishia kwa mmoja kumla mwenzake.

Siku ya kumhamisha na wiki zinazofuata

Fanya kazi ukiwa umeketi sakafuni, kizimba kipya na kopo alilokuja nalo vyote vikiwa ndani ya beseni kubwa la plastiki lenye kuta ndefu. Kama tarantula amekwisha kuchimba ndani ya kopo, usimfukue. Zika kopo zima ndani ya udongo wa kizimba kipya, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa udongo, ondoa kifuniko, funga kizimba na uondoke. Atatoka mwenyewe usiku huo au baada ya siku kadhaa, na kopo litaondolewa baadaye. Asipokuwa na shimo, mfunike kwa kopo jingine, teleza kadi chini yake, mpeleke mlangoni mwa shimo la kuanzia na umsogeze kwa brashi. Akitoka mbio, usimkimbize kwa mkono. Subiri asimame, kisha mfunike.

Baada ya hapo huenda akaziba mlango wa shimo kwa udongo na utando. Mara nyingi ni dalili kwamba anakaribia kujivua gamba, au bado anaizoea nyumba, na kuziba huko kunaweza kudumu wiki nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilishindwa kuvumilia, nikafukua shimo lililokuwa limezibwa kwa wiki saba, nikamkuta tarantula amelala chali katikati ya kujivua gamba, mwili wake mpya ukiwa laini kama tonge. Miguu miwili ilipinda na haikunyooka hadi alipojivua tena, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Tangu siku hiyo, shimo lililozibwa naliacha lilivyo. Najaza bakuli la maji, naweka unyevu kwenye kona yake, na kuondoa mdudu yeyote aliyebaki hai juu, kwa kuwa nyenje mmoja anaweza kumtafuna tarantula ambaye gamba lake halijakauka.

Chakula cha kwanza kisubiri hadi uone mlango wazi na nyuzi mpya zimetandazwa kuuzunguka. Hapo jioni, chumba kikiwa na mwanga hafifu, dondosha nyenje mmoja, asiyezidi ukubwa wa tumbo la tarantula, sentimita chache kutoka mlangoni, na urudi nyuma ukae kimya. Asipotoka usiku huo, mtoe nyenje asubuhi na ujaribu tena baada ya wiki moja.